Kamba ya Mkwajuni



Majuma mawili yaliyopita, baada ya sala ya Ijumaa, tuliletewa barua iliyoandikwa kwa mkono. Mama aliyeiandika ana mwana wa kiume wa miaka 11, ambaye tumbo humuuma kila Jumanne asubuhi na kupona kabla ya adhuhuri. Daktari hakuona ugonjwa wowote. Kumbe Jumanne ndiyo siku ya mazoezi ya viungo skulini kwake. Mtoto ni mnene kidogo, na mwalimu humwita mbele ya wenziwe awe mfano wa asiyeweza. Mama anauliza: je, amwombee ruhusa mwanawe asishiriki kabisa, au amwache avumilie mpaka akomae?

Tuliisoma barua ile mara mbili, na kabla ya kulitafuta jibu tukajikuta tunaikumbuka kamba.

Waliosoma nasi katika miaka ya sitini wataijua kamba tunayoisema bila ya sisi kuitaja skuli, wala hatutaitaja. Ilikuwa kamba ya ulayiti, nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, iliyofungwa kwenye tawi la mkwaju kwa pete ya chuma. Ilisemekana kuwa ilitolewa melini, na harufu yake ya lami haikuisha hata baada ya masika kadhaa kupita juu yake. Kutoka mchangani hadi kwenye pete zilikuwa futi 18. Twajua hivyo kwa sababu mwalimu wa hesabu alitupimisha kivuli chake siku moja, na huenda hilo ndilo somo la pekee lililofundishwa barabara chini ya mti ule. Sehemu ya chini ya kamba, pale mikono yetu ilipozoea kushika, ilikuwa imesuguliwa ikawa nyeusi na laini. Juu zaidi ilibaki na rangi yake ya manjano na nyuzi zake zenye kuchoma, kwa kuwa waliofika huko walikuwa wachache.

Wenzetu waliosoma Ulaya na Marekani husimulia habari za kumbi kubwa zenye sakafu ya mbao, kamba kadhaa zikining'inia darini kwa mstari, na magodoro yametandikwa chini. Sisi hatukuwa na ukumbi. Tulikuwa na mkwaju, na kamba moja, na foleni ya wavulana 38 waliovaa kaptula, jua la saa nne likiwapiga migongoni. Somo lenyewe tuliliita drili. Mwalimu wa drili alikuwa na firimbi shingoni na daftari mkononi. Firimbi ikilia, wa kwanza huruka na kuishika kamba. Ikilia mara ya pili, hushuka, awe amefika wapi awe hakufika popote, na mwalimu huandika. Hakuna neno lililosemwa kati ya firimbi mbili hizo isipokuwa "Panda!" na, kwa walio wengi, "Basi, toka!"

Ukitazama kwa macho ya leo, foleni ile ilikuwa na mafunzo mengi kwa mtu wa elimu ya viumbe. Wavulana wadogo wadogo, wepesi kama kima, walipanda bila ya kujua wamepandaje. Wale wakubwa wa mwili, ambao uwanjani waliogopwa na darasa zima, waliishika kamba, wakakunja magoti, wakabaki wakining'inia kama embe lililosahauliwa mtini. Sababu yake si uvivu. Mwili ukikua, uzito wake huongezeka kwa kasi kuliko nguvu ya misuli inayoubeba. Mtoto wa ratili 60 huubeba mwili wake kwa mikono bila shida kubwa. Mwenye ratili 120, ingawa ana nguvu zaidi kwa kila kipimo kingine, huulipia uzito ule mara mbili. Lakini katika daftari la mwalimu hapakuwa na safu ya uzito. Palikuwa na jina na futi.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mtoto wa watu wa dukani, mpole, msomaji mzuri wa Qur'ani, ambaye hakuwahi kuondoka mchangani hata shubiri moja. Aliishika kamba, akavuta, uso ukamwiva, na miguu yake ikabaki palepale. Mwalimu akasema siku moja kwamba huyu ni nanga, ukimfunga kwenye meli haiendi. Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina lake likawa Nanga, darasani, uwanjani, mpaka chuoni jioni, na waliomjua kwa jina alilopewa siku ya akika yake wakabaki ni mama yake na maalim.

Maalim huyo ndiye mtu mzima wa kwanza kuuliza habari za mikono yetu. Siku za drili tulikwenda chuoni tumechubuka viganja, na wengine wana malengelenge kwenye mizizi ya vidole, hata kuishika kalamu ya mwanzi ikawa taabu. Maalim alituita mmoja mmoja, akatazama, akatupaka mafuta ya nazi, akauliza ni kazi gani hiyo tunayofanyishwa. Tukamwambia tunapanda kamba. Akauliza: "Kuna nini huko juu?" Hatukuwa na jibu, kwa maana huko juu palikuwa na pete ya chuma tu.

Jibu la namna ya kupanda tulilipata mahali pengine, nalo halikutoka kwa mtu wa skuli. Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka, kaskazi imekwisha kushika, na Bandari ya Kale imejaa majahazi. Ami yake mwenzetu mmoja alikuwa baharia, mtu mwembamba wa makamo mwenye mvi kidevuni, si mtu wa misuli ya kutisha. Palikuwa na kamba iliyonasa juu kwenye foromali, na nahodha akamwamuru akaitoe. Tulisimama gatini tukamtazama. Hakupapatuka. Alishika, akakunja magoti, akasimama juu ya kamba kama mtu anayesimama juu ya kidato cha ngazi. Akashika tena juu zaidi, akakunja, akasimama. Alipofika juu alikuwa anapumua kama aliyetoka kunywa kahawa.

Aliposhuka tulimsalimu kwa adabu na kumuuliza siri yake. Akacheka. "Wanangu," akasema, "mkono ni wa kushikia. Mwenye kutembea ni mguu, hata kwenye kamba."

Akatuonyesha. Tutaeleza kwa ukamilifu, maana wako wazazi watakaotaka kujua. Kamba huachwa ipite nje ya paja la kulia, izunguke nyuma ya mguu chini ya goti, itokee mbele na kulala juu ya mguu wa kulia, mahali ambapo ukanda wa kiatu hupita. Kisha wayo wa kushoto huikanyaga kamba hiyo pale ilipolala, ikabanwa baina ya miguu miwili. Hapo mwili mzima umesimama, na mikono inaweza kupumzika. Kutaka kupanda, mtu hushika juu, hulegeza miguu kidogo, huvuta magoti kuelekea kifuani, hubana tena kwa miguu, kisha hunyoosha mapaja na kusimama. Urefu wote hupatikana katika kule kusimama. Mikono hufanya kazi ya kuzuia tu, kwa muda mfupi, wakati miguu inatafuta mahali papya. Na ikiwa yuko mtu chini aliyeshika ncha ya kamba na kuikaza, kazi huwa nyepesi mno, kwa sababu kamba iliyokazwa haiyumbi na miguu huipata bila ya kuitafuta.

Wakwezi wa minazi wanalijua jambo hili tangu kale. Tazameni mkwezi anavyoparaga: mikono imekumbatia gogo, lakini anayemsukuma juu ni miguu iliyobana pande mbili. Mtoto yeyote wa Kilifi au wa Kwale aliyekulia chini ya minazi amekwisha kuyaona haya kabla hajakijua kiti cha darasa. Tulikuwa na watoto wa namna hiyo darasani mwetu, na hakuna aliyewaambia watufundishe.

Skuli ilipofunguliwa, Nanga alifundishwa na wenziwe baada ya kengele ya mwisho, mwalimu akiwa amekwisha kwenda zake. Mmoja aliikaza kamba chini. Ilichukua siku tatu. Siku ya tatu aliishika pete ya chuma, akabaki pale kitambo, tukadhani ameogopa kushuka. Kumbe alikuwa anaitazama bahari, ambayo kutoka mchangani haikuonekana kwa sababu ya ukuta. Akatuambia kuna meli mbili zinasubiri nje ya mlango wa bandari, na bendera zake akazitaja rangi.

Juma lililofuata, katika drili, aliishika kamba mbele ya watu wote na kuifunga mguuni. Firimbi ikalia. Mwalimu akasema kwamba kutumia miguu ni wizi. Aanze upya, kwa mikono. Akaanza kwa mikono, na yaliyompata ni yaleyale ya siku zote. Katika daftari aliandikiwa sifuri, na kwa yale tunayoyajua alimaliza masomo yake yote akiwa na sifuri hiyo.

Tumeyatafakari maneno yale ya mwalimu kwa miaka mingi, na baadaye tukajua yalikotoka. Hayakuwa maneno ya ukatili mtupu. Kupanda kamba kulikuwa ni mchezo wa mashindano makubwa, na katika mashindano hayo miguu haikuruhusiwa kusaidia. Mchezo huo ulikuwamo katika Olimpiki ya kwanza ya zama zetu, Athens, mwaka 1896. Kamba ilikuwa ya mita 14, na kati ya washindani wote ni Wagiriki wawili tu waliofika juu; Nikolaos Andriakopoulos akashinda kwa sekunde 23.4. Ulirudi St. Louis mwaka 1904, ukaonekana tena Paris mwaka 1924, na mara ya mwisho Los Angeles mwaka 1932, ambapo Mmarekani Raymond Bass alipanda mita 8 kwa sekunde 6.7. Vyuo vya Marekani viliendelea nao hata baada ya hapo: mwaka 1954 kijana mmoja aitwaye Don Perry alipanda futi 20 kwa sekunde 2.8, muda usiotosha mtu kusema bismillahi na kuvua viatu.

Hao walikuwa mabingwa, watu wazima waliofanya mazoezi miaka na mikaka. Sheria yao ya kutotumia miguu ilikuwa na maana, kwani bingwa hutafutiwa ugumu ili ajulikane nani bora. Kumpa mtoto wa miaka 11 sheria hiyohiyo katika siku yake ya kwanza ni sawa na kumtia mtoto wa alifu na bee katika mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, kisha kumwandikia kuwa si msomaji.

Asili ya kamba skulini ni ya zamani zaidi ya mashindano, na haikuwa na ukali huo. Mjerumani GutsMuths, mwalimu wa skuli ya Schnepfenthal, alichapisha kitabu chake cha mazoezi ya vijana mwaka 1793, na kukwea kamba, milingoti na ngazi kulikuwamo. Mwenzake Jahn alifungua uwanja wake wa mazoezi Berlin mwaka 1811. Ling wa Uswidi alianzisha chuo chake Stockholm mwaka 1813, akitaka mazoezi yaujenge mwili kwa mpango, hatua kwa hatua. Waingereza waliufuata sana mfumo wa Ling katika mwongozo wao wa skuli wa mwaka 1909, wakatoa mwongozo mwingine mwaka 1933, na miongozo ya namna hiyo ndiyo iliyosafiri na walimu mpaka kwenye makoloni. Kwa bahati mbaya, kilichofika chini ya mkwaju wetu kilikuwa firimbi na daftari. Zile hatua kwa hatua zilibaki njiani.

Kabla ya kuiacha Olimpiki, yuko mtu mmoja ambaye twatamani jina lake lingeandikwa kwenye ule mkwaju. Huyu ni George Eyser, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa mti. Mwaka 1904, huko St. Louis, alishinda nishani sita katika siku moja, tatu kati yake za dhahabu, na mojawapo ya hizo za dhahabu ilikuwa ya kupanda kamba ya futi 25. Ajabu ni kwamba katika mchezo huu, ambao miguu haitakiwi, ule mguu wa mti haukumzuia. Asiye na mguu alipata mahali pake, na hakuna anayeweza kusema kwamba alionewa huruma.

Sasa turudi kwenye swali la mama. Wapo watakaomwambia kwamba michezo ni upuuzi wa Kizungu na mtoto hapotezi kitu akiiacha. Hatukubaliani nao. Mtume wetu Muhammad, swalla Llahu alayhi wasallam, alifundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na papo hapo akasema kwamba katika wote wawili mna kheri. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Watu wengi hukumbuka nusu yake ya kwanza wakaisahau ya pili. Imepokewa pia kwamba alishindana mbio na Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, akashindwa. Kisha baada ya muda wakashindana tena, akamshinda, naye akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni kwa ile. Alipigana mieleka na Rukana. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini naye hakuwakataza, bali Bibi Aisha akawatazama.

Lakini kisa kinacholihusu zaidi jambo letu ni kile cha watu wa kabila la Aslam, kilichomo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume aliwapita wakishindana kutupa mishale, akawahimiza, akasema kwamba yeye yuko upande wa kundi moja. Kundi la pili wakaizuia mikono yao. Akawauliza kwa nini hawatupi. Wakajibu, watatupaje na hali yeye yuko pamoja na wale? Basi akawaambia watupe, kwani yuko pamoja nao wote. Kila tulisomapo kisa hiki huijia akili yetu ile mikono iliyozuilika. Mtoto anayejua kwamba mwalimu si wa upande wake huacha kutupa mshale, huacha kupanda, na siku ya Jumanne tumbo humuuma.

Na kuhusu majina ya kejeli, hapana haja ya kutafuta mbali. Aya ya 11 ya Surat al-Hujurat imekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, wala haikuvua uwanja wa michezo, wala haikuvua walimu.

Kwa hiyo, mama mheshimiwa, rai yetu ni kwamba usimwombee ruhusa ya kuacha. Ukimwondoa, utakuwa umetia saini yako chini ya yale aliyoambiwa. Wala usimwache avumilie peke yake. Huko si kukomaa. Nenda skulini, na baba yake akiwezekana aende pia, muda ambao mwalimu hana darasa mbele yake. Msimwendee kwa ugomvi. Walimu wengi wa mazoezi hawakufundishwa kazi hiyo. Wamepewa firimbi kwa sababu ratiba ilikuwa na nafasi. Mwombeni asimtangulize mtoto mbele ya wenziwe mpaka awe amefundishwa namna ya kufanya, na kama ataandika chochote, basi aandike alivyokuwa mwezi uliopita na alivyo sasa. Mwalimu muungwana atalikubali hilo, na huenda akashukuru. Asipokubali, mlango wa mwalimu mkuu uko wazi, na hapo mna haki ya kusema kwa sauti iliyo wazi zaidi.

Tungependa kuongeza neno kwa wazazi wengine wote, hasa wale wanaofurahi mazoezi yakifutwa ili watoto wapate hesabu za ziada. Katika miaka yote ya mtihani wa KCPE, tangu 1985 hadi 2023, mazoezi ya viungo hayakuwa somo la kutahiniwa, na kisichotahiniwa kwetu huliwa na kinachotahiniwa. Mtaala wa sasa wa umilisi umeyaweka michezo na sanaa pamoja na kuyapa vipindi vyake. Itakuwa hasara tukiona vipindi hivyo vinaliwa vilevile kama zamani, huku watoto wanakaa kitako tangu alfajiri mpaka magharibi, skulini, garini, chuoni, kisha mbele ya simu.

Na mabinti? Mama zetu hawakuwa na kamba ya kupanda. Kamba yao ilikuwa ya kuruka, uani, na mara tu walipovunja ungo waliambiwa waikunje. Leo tunasikia wazazi wakisema kwamba stara inawazuia. Stara haizuii nguvu. Suruali pana, shati refu, mtandio uliofungwa ukakaza, mwalimu wa kike na uwanja usiopitwa na watu, mambo hayo skuli zetu za Kiislamu zinayaweza, na baadhi zinayafanya vizuri. Huko India, katika mazoezi ya asili yanayoitwa mallakhamb, wavulana hufanya mambo ya ajabu juu ya nguzo ya mti, na wasichana huyafanya juu ya kamba ya pamba inayoning'inia. Anayedhani mikono ya msichana haikuumbwa kwa kamba akawatazame hao.

Kwa wale walio na mti imara nyumbani, kuweka kamba si gharama kubwa, lakini kunahitaji akili. Tawi liwe bichi, nene kuliko paja la mtu mzima, la mwembe au mkwaju; msitumie mkorosho wala mpapai, maana tumeyaona hayo yakijaribiwa. Baba mzima ajining'inize kwanza kabla ya mtoto, na aikague kamba kila mwezi pale inaposuguana na tawi. Kamba ya usumba na ya mkonge hushika vizuri lakini huchoma viganja laini. Ile ya nailoni huteleza na kuunguza. Ya pamba nene ndiyo ya kustahamilika. Wanaoanza wafungiwe mafundo kila baada ya futi moja na nusu, wapate pa kuweka miguu. Chini pawe na mchanga uliochimbuliwa, si sakafu. Ncha ya kamba isifungwe kitanzi chochote, na mchezo ukiisha kamba itupwe juu ya tawi mahali ambapo wadogo hawafiki, kwani kamba inayoning'inia pasipo mtu mzima ni hatari kwa shingo ya mtoto.

Kimo cha futi 8 chatosha mwaka mzima wa kwanza. Mtu mmoja aikaze kamba chini, awe kaka au dada, na wapokezane. Na kabla ya kufundishwa kupanda, mtoto afundishwe kushuka: mkono chini ya mkono, miguu ikiwa bado imebana, polepole, asiporomoke. Wengi wa viganja tulivyopakwa mafuta ya nazi na maalim wetu viliungua wakati wa kushuka.

Juma lijalo, inshallah, tutazijibu barua tatu tulizopokea kuhusu posa na gharama za harusi. Wabillahi tawfiq.